Treni ya Kasese na Macho ya Papa Mbusa

Wiki tatu zilizopita vijana wa depo ya kahawa walinifanyia sherehe ya kuniaga. Walinipa kitenge, saa ya ukutani, na keki yenye jina langu, Kahindo, likiwa na herufi moja pungufu. Kisha Masika, binti aliyechukua meza yangu, akaniomba niandike namna kazi yetu inavyofanywa: kupima unyevu wa kahawa bila mashine, kushona gunia lisifumuke njiani, kusema na watu wa mpakani bila kupandisha sauti. Nimekaa hapa nyumbani, upande wa uwanja wa ndege wa Rughenda, ndege ndogo zikishuka na kupanda nyuma ya mikaratusi, na kila nikishika kalamu ninaona treni. Basi nitaanza na treni. Kushona gunia mtajifunza wenyewe. Sindano ni mwalimu mkali kuliko mimi.

Ninajua wengi wenu hamjapanda treni hata mara moja. Hapa kwetu Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, hakuna reli. Siku moja Masika aliniuliza treni inapiga kona namna gani kama haina usukani. Nilicheka, lakini hata mimi sikujua, na nilisafiri ndani yake zaidi ya miaka kumi na mitano.

Nilizaliwa Vuhovi, katika nyumba ya Waprotestanti, watu wa shamba na kwaya. Nilipokuwa mdogo nilikaa miaka minne kwa mama wa mama yangu huko Bwera, Uganda, ng'ambo ya mpaka, ambako watu wanasema lugha yetu lakini shuleni wanafundishwa Kiingereza. Kiingereza hicho cha miaka minne ndicho kilichonitoa kwenye mkeka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa depo pamoja na wanawake wengine kama arobaini tukichagua kahawa, nzuri huku, nyeusi na zilizovunjika kule, wakati mtu mrefu mwenye kofia ya kijivu aliposimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya mchungaji:

“Nani hapa anajua kusoma Kingereza?”

Nikainua mkono. Hakunitazama. Nikasema, “Mimi, Papa.” Hapo ndipo akageuka.

“Kuya. Soma hii.”

Ilikuwa karatasi ya mzigo. Nikaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu husoma. Yeye alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayesikiliza mvua inatoka wapi.

“Muzuri. Kesho asubui uje na nguo mbili na shali. Kasese kuko joto, mais mu treni kuko baridi.”

Huyo alikuwa Papa Mbusa, konvoyeri wa kampuni yetu, yaani mtu anayesindikiza mzigo tangu depo mpaka mikononi mwa mnunuzi. Wanawake walinicheka mpaka jioni. Walisema nimekwenda kuwa mzungu.

Safari yangu ya kwanza ilianza katika ukungu wa Butembo, ule wa asubuhi unaolala juu ya mabati kama maziwa yaliyomwagika. Tulikuwa ndani ya kamyo, lori la kampuni, mimi na Papa Mbusa mbele na dereva. Beni jua lilikuwa limeshapanda. Tulisimama Mulekera, nyumbani kwa Papa Mbusa, na mkewe, Mama Kavira, akatupatia ndizi za kuchemsha zilizofungwa katika majani, akanitazama toka juu hadi chini, akasema, “Umuchunge,” na sikuelewa kama alikuwa anamwambia mumewe au mimi. Kisha barabara ikatelemka kwenye bonde la Semliki, hewa ikawa nzito, tukavuka mpaka pale Kasindi, na mchana wa siku iliyofuata tukafika Kasese, mwisho wa reli.

Nilitarajia kitu kama kamyo kubwa. Nilichoona kilikuwa kama mtaa mzima wa nyumba ulioamua kuhama. Mabehewa ya watu mbele, mabehewa ya mizigo nyuma, na katikati ya kelele zote wanawake waliokuwa wakiuza chumvi ya Katwe na samaki wa kukaushwa, wametulia kana kwamba mtaa kuhama ni jambo la kila wiki. Tulipakia kahawa yetu. Papa Mbusa alifunga mlango wa behewa kwa waya, akautia muhuri, kipande cha madini laini ya risasi, akakibana kwa koleo mpaka alama ya kampuni ikatokea. Kisha akapitisha kidole gumba juu yake, polepole, kama mtu anayefuta chozi la mtoto.

“Kila mara treni ikisimama, tunashuka tunagusa hii. Ikiwa imekatwa, tunapiga kelele palepale. Ukingoja mpaka Kampala njo upige kelele, hakuna mutu atakusikia.”

Hilo ni somo la kwanza, na linafaa hata kwa makontena yenu ya leo. Piga kelele mahali jambo lilipotokea.

Treni ikaondoka bila haraka. Milima yetu, ile tunayoiona Beni ikiwa na barafu kichwani, ilikuwa upande mwingine sasa, imegeuza mgongo. Tulipita katika mafunjo marefu kuliko madirisha, ndege weupe wakainuka bila kushtuka, na magurudumu chini yangu yakaanza kusema Kinande. Ninaapa yalisema hivyo. Tughende, tughende, tughende, twende, twende, twende. Nilimwambia Papa Mbusa. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kwenye madaraja yanasema Kifaransa.

Asubuhi tuliingia Kampala. Sijui niwaelezeje stesheni ile. Sisi tuliita gare, kama Wakongo wote. Kwa nje ilikuwa jengo la zamani lenye nguzo, limesimama mwisho wa barabara kama mtu mkubwa anayengoja wageni wamfikie. Kwa ndani dari ilikuwa juu sana hata sauti za watu zilipanda na kuchelewa kurudi. Madirisha ya tiketi ya mbao, yaliyong'arishwa na viwiko vya watu wa miaka mingi. Mabenchi marefu. Saa kubwa. Nilisimama na shali yangu na harufu ya samaki wa Kasese, na kwa mara ya kwanza maishani nilijisikia mdogo bila kuonewa na mtu.

Kwa miaka sita tulifanya safari hiyo pamoja. Alinifundisha kuingiza mkono katika gunia mpaka kwenye kiwiko na kusubiri: kahawa kavu inabaki baridi, kahawa yenye unyevu inaanza kujibu joto la ngozi. Alinifundisha kuuma punje. Ikikatika kwa sauti ni nzuri, ikikubali jino kama jibini, mrudishie mwenyewe. Alinifundisha kuacha masikio mawili kwenye pembe za gunia wakati wa kushona, maana mbeba mzigo asipopata sikio la kushika atashika kwa kulabu. Kila kitu alikifanya kwa vidole, kwa pua, kwa meno. Nilidhani ndiyo ufundi.

Ilikuwa safari ya nne au ya tano nilipoelewa. Tulikuwa katika behewa, ametoa chupa ya chai, akamimina kwa utulivu kabisa pembeni ya kikombe. Chai ikatiririka kwenye viatu vyake. Akaendelea kumimina.

“Papa,” nikasema, “hauone?”

Akafunga chupa. Akapapasa ukingo wa kikombe mpaka mafunjo yakaisha na mashamba yakaanza.

“Mwangaza ninaona. Mutu akipita, ninaona kivuli. Herufi njo zilinikimbia. Miaka tatu sasa.”

“Na kazi?”

“Kazi gani inaharibika? Gunia moja limepotea? Hapana. Donc, basi.” Kisha, kwa sauti ya chini: “Wewe utakuwa unasoma. Mimi nitakuwa najua. Byote bibaki hapa.”

Vikabaki hapo. Nilisoma namba za mabehewa kwa kunong'ona, nikashika mkono wake kama binti anayemheshimu baba, na watu wa Kampala walisifu adabu ya Wanande. Nami, tuliposubiri karatasi zetu katika stesheni, nilimwambia kilichokuwako: yule mama amevaa gauni la basuti la njano, wale askari wamelala mabegani mwa wenzao, leo saa imesimama kwenye saa tatu. Alipenda nieleze bila kupamba. Nikisema “watu wengi” alikasirika. Alitaka kujua ni wangapi wamesimama na wangapi wamekaa.

Sasa kesi ngumu. Masika, hii ndiyo uliyotaka, ingawa hukujua.

Macho yake yalizidi kufifia. Mwaka ule wa sita hata vivuli vilikuwa vinamchanganya. Siku hiyo, kati ya Kasese na Kamwenge, nilimwambia abaki amekaa, niende peke yangu kugusa risasi. Nilisema vibaya, kama mtu anayemkataza mtoto. Abiria wa mbele walisikia.

“Mimi hapana mugonjwa,” akasema. “Kaa.”

Treni iliposimama Kamwenge alishuka peke yake, kofia kichwani, mkono ukipapasa ukuta wa behewa. Nami nikakaa. Nilikuwa na hasira, nikanunua mahindi ya kuchoma dirishani, nikala nikitazama upande wa pili kwa makusudi. Kwenye njia ya pili kulikuwa na treni nyingine, inayotoka Kampala kwenda Kasese. Zilikuwa zimesimama bega kwa bega. Yetu ikapiga honi, ikaondoka. Hakurudi kwenye kiti, nikasema moyoni ameingia behewa la nyuma kunionyesha kwamba anaweza. Nilimpa muda wa kununa. Kituo kilichofuata nilipita mabehewa yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikiangalia kila kofia. Hakuwepo.

Nilishuka Kampala na magunia yote, bila yeye.

Ajenti wetu pale mjini aliitwa Kakule, kijana wa suti, mtoto wa ndugu ya patron, mwenye kampuni. Alikuwa ananingoja kwenye lango la mizigo.

“Muzee iko wapi?”

“Amebaki njiani.”

“Atakuja na treni ya kesho. Tia saini, Kahindo. Batu ba Mombasa banangoja kahawa, hapana bazee.”

Nilitia saini. Treni ya kesho ilikuja, nikasimama mlangoni pa kutokea nikatazama watu wote mpaka wa mwisho, mwanamke mwenye kuku wawili. Hakuwemo. Nikaenda kwa mkuu wa stesheni, mzee mmoja wa makamo aliyeitwa Okello, mwenye miwani na Kiswahili cha watu wa reli, kilichonyooka kuliko changu. Kakule alinifuata, akisema nitaaibisha kampuni.

“Mama,” Mzee Okello akaniuliza, “huyo mzee wako ni mgonjwa?”

“Hapana.”

“Amelewa?”

“Hapana! Ni mutu wa kanisa.”

“Basi mtu mzima, mzima wa afya, aliyeachwa na treni, hupanda treni nyingine. Kila siku wanaachwa kumi. Siwezi kushika laini ya simu kwa ajili ya mtu aliyechelewa. Kuna jambo gani ambalo hujaniambia?”

Kakule alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia harufu ya pomada yake. Nikisema, habari itafika Butembo kabla yangu, na kazi yake imekwisha. Nisiposema, watu wa vituo watatafuta mzee anayetazama huku na huku, na wasimtambue mzee aliyekaa kimya akijifanya anaona. Alikuwa fundi wa kujifanya. Mimi mwenyewe nilidanganyika safari nne. Nilifikiria reli, madaraja, mafunjo yale marefu, na yule mama wa Mulekera aliyesema, “Umuchunge.”

“Haoni,” nikasema. “Ni kipofu. Amekuwa kipofu muda mrefu.”

Kakule akavuta pumzi kama mtu aliyechomwa na sindano. Mzee Okello alivua miwani, akaisugua, akaivaa, akainua simu.

Siku ile na nusu ya siku iliyofuata nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wake. Nimesahau nilikula nini. Ninakumbuka sauti yake ikipita mlangoni, ikiita vituo kimoja baada ya kingine, kama anayeita majina ya watoto wake warudi nyumbani jioni. Mityana. Mityana, unanisikia? Mzee wa Kongo, mrefu, kofia ya kijivu, haoni. Kisha kimya. Kisha kituo kingine, na kingine, sauti ikizidi kuwa ya mbali kana kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatembea juu ya reli kuelekea kwetu. Watu walikuja, wakakaa benchini kwangu, wakaondoka. Jua liliingia na kutoka. Sauti ziligonga dari na kuchelewa kurudi, na mara moja au mbili nilidhani iliyorudi ilikuwa yake.

Siku ya pili, karibu saa sita, Okello akatoka mwenyewe.

“Wamempata. Yuko kwenye kambi ya mafundi wa njia, upande huu wa Kasese. Anawafundisha kushona viraka vya turubai.”

Ndipo nikalia, mbele ya watu wote.

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Aligusa risasi yetu, ikawa nzima, akageuka, akahesabu hatua zake, lakini akili ilikuwa bado kwenye maneno yangu, akapita kati ya treni mbili na kupanda ile isiyokuwa yetu. Alikaa. Alijua amekosea pale jua lilipompiga usoni badala ya mgongoni. Hakumwambia mtu. Kwenye kituo cha kwanza, kibanda tu na mafundi wachache, alishuka, akawaambia amekuja kupumzika. Watu wa kibanda hicho walimpa ugali na mahali pa kulala, na siku mbili hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee mwenye kofia nzuri namna ile kwa nini hapandi treni zinazopita.

Aliletwa Kampala katika behewa la breki la treni ya mizigo. Nilimshika mkono kwenye ngazi.

“Magunia yalifika?”

“Yalifika, Papa.”

“Yote?”

“Yote.”

Akasimama. Watu walitupita pande zote mbili.

“Nani alibaambia?”

“Mimi.”

Aliutoa mkono wake mkononi mwangu, kwa upole, kama unavyotoa mwiba. Kampala mpaka Kasese hakusema. Kasese mpaka Mulekera hakusema. Pale kwake alishuka kwenye kamyo, akapita mlangoni bila kugeuka, na Mama Kavira akabaki ananitazama, ananishukuru na kunilaumu kwa jicho moja.

Kampuni ilimuaga kwa soda na hotuba. Nilipewa nafasi yake na koleo lake. Sindano yake ya magunia hakuirudisha, na hakuna aliyethubutu kuidai. Mwaka mzima, kila kamyo ilipopita Beni, nilimwambia dereva asimame Mulekera, nikaacha chumvi ya Katwe mlangoni, nikaondoka. Mara zote Mama Kavira alisema, “Wasingya,” asante, na nyuma yake nyumba ilikuwa kimya.

Kisha siku moja mvua ilitufungia njia. Mama Kavira akanivuta ndani kwa mkono. Papa Mbusa alikuwa jikoni, anachambua maharage, vidole vikienda mbio.

“Uliniuza,” akasema, kabla sijasalimu.

“Ndiyo, Papa. Na leo ningekuuza tena.”

Vidole vikasimama. Nikasikia mvua juu ya mabati, nikasikia Mama Kavira akishikilia pumzi karibu na moto. Mwishowe akasogeza ungo katikati, niweze kufikia maharage.

“Kamwenge bangali banauzisha mihindi?”

“Bangali.”

“Ngapi banauzisha?”

“Wanawake sita. Mmoja ana mtoto mgongoni. Wengine watano wamekaa juu ya mataruma ya reli.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza upya. Kila niliporudi Kampala nilipita kwake, tukasafiri pale jikoni, Kasese mpaka gare, kituo kwa kituo. Nilijifunza kutazama kwa ajili yake. Niliandika katika daftari la mzigo, pembeni: mlango wa kijani umepakwa rangi, mama wa chai amekonda, Okello amestaafu, mahali pake kuna kijana anayepiga miluzi. Nyinyi mliokuta madaftari yale kwenye kabati na kucheka, sasa mmejua.

Baadaye treni ya Kasese ilisimama. Haikuwa siku moja. Ilikuwa kama mgonjwa anayekuja mezani leo, kesho haji. Mwisho majani yakaota katikati ya reli, na sisi tukapakia kahawa yetu kwenye malori mpaka Kampala. Sikumwambia. Nilifika Mulekera nimejaa vumbi la barabara, nikakaa, nikashika maharage, nikamsafirisha kwa treni ambayo haikuwepo. Niliwaweka wanawake sita Kamwenge. Niliweka ndege weupe. Mungu anisamehe, nilifungua hata mwavuli juu ya mama wa chai siku ambayo nilisema kuna mvua. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili, na ninakiri kwamba safari zile za uongo ndizo ninazoziota mpaka leo.

Siku moja alinikatiza katikati ya mafunjo.

“Kahindo. Treni imekufa.”

Nikarudisha maharage kwenye ungo.

“Nguo zako zinanuka mazuti, mafuta ya kamyo. Tena radio ya jirani ilisema, wiki ileile. Niko kipofu, hapana kiziwi.”

“Sasa ju ya nini uliniacha niseme, Papa?”

“Ulikuwa unasema muzuri.” Akachukua punje mbovu, akaitupa. “Mais kuko kitu moja haukusema hata siku moja. Nilikuwa nangoja. Nilifikiri utaiona.”

Akanieleza. Alipokuwa kijana, macho yakiwa mazima, alikaa stesheni mchana mmoja mrefu akingoja karatasi. Kufika saa kumi, jua likateremka mpaka madirisha ya juu, na mwanga ukaingia katika vipande, ukalala sakafuni toka ukuta mpaka ukuta, mistari miwili miwili, kama reli. Watu wakawa wanapita juu yake, wanakatika, wanaungana. Moshi wa injini za zamani uliingia kutoka nje, ukasimama ndani ya mwanga ule. Alisema hakuna mtu aliyeinua kichwa. Yeye aliona, akasema moyoni: nitakuja tena kuangalia. Kila mara kulikuwa na kazi. Kisha macho.

“Mimi pia nilikuwa na kazi kila mara,” nikasema. “Saa kumi niko kwenye lango la mizigo.”

“Njo vile. Kazi.”

Safari iliyofuata nilimwacha dereva na lori sokoni Kampala, nikaenda kwa miguu. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na ndani mwanamke mmoja alikuwa anafagia ukumbi mtupu kwa utulivu wa mtu asiyengojwa. Madirisha ya tiketi yalikuwa yamepigwa misumari. Akaniuliza ninatafuta nini.

“Ninangoja saa kumi.”

“Hakuna treni, mama.”

“Ninajua.”

Alinitazama, akaona mvi zangu za kwanza, akanionyesha benchi. Nilikaa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, sikuwa na lingine ila kuangalia ukuta. Njiwa walitembea juu ya dari. Niliona sakafu kwa mara ya kwanza. Miaka yote ile nilikuwa nimeona miguu ya watu tu. Kisha jua likateremka. Lilikuja bila haraka, kipande kimoja, cha pili, likalala chini mbele ya viatu vyangu, likajinyoosha mpaka ukuta wa pili. Yule mwanamke akaacha kufagia. Vumbi aliloliinua likawa linaelea ndani ya mwanga, akasimama na ufagio wake, akasema taratibu kwamba anafagia hapa miaka minne na hajawahi kuona. Tulitazama pamoja mpaka mistari ikapanda ukutani na kuisha.

Nilifika Mulekera siku ya tatu, mchana. Papa Mbusa alikuwa amelala kitandani. Mwaka ule miguu pia ilianza kumkimbia. Nilikaa karibu na kichwa chake.

“Nimeiona, Papa.”

“Mistari ngapi?”

“Kumi na nne. Miwili miwili.”

Akahesabu kwa vidole juu ya blanketi, midomo ikisogea, mpaka akaridhika.

“Na moshi?”

“Moshi hapana. Vumbi tu.”

Akageuza uso dirishani, nikadhani amesinzia.

“Bon,” akasema. “Basi umeona nusu.”